Milembe wa Redio Mhola, mlinzi wa sauti za waliohamia kusini

BARIADI. Jua bado liko chini ya paa za maghala ya pamba, na kuku wa jirani ndio kwanza wanashuka kutoka kwenye mwarobaini, Milembe Bujiku anapofungua kufuli la chumba cha nyuma cha Redio Mhola. Anavua kandambili mlangoni. Ndani kuna meza, feni inayozunguka kwa kelele, na kompyuta moja iliyovuliwa kifuniko cha ubavuni ili ipate hewa.

Anaweka kiganja juu ya diski ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na ya nne, kama mama anayepima homa ya watoto waliolala kitanda kimoja. Anasikiliza mlio wao. Halafu anaketi, anaandika amri fupi, na kioo kinamjibu kwa mstari wenye herufi U nne zilizopangana.

"Kila U ni diski moja iliyo hai," anasema bila kugeuka. "Zikiwa nne naenda kuchemsha chai. Moja ikifa, mahali pake panabaki kistari tu, na siku hiyo chai hainywewi."

Upande wa pili wa ukuta, mtangazaji wa asubuhi anaanza kusalimia kwa Kisukuma. Mwangaluka kwa walioko mashambani, mwangaluka kwa walioko njiani. Wimbo anaoutanguliza unatoka kwenye diski hizo nne. Humo pia ndimo yanamotoka matangazo ya misiba, matangazo ya ng'ombe waliopotea na biashara za wanunuzi wa pamba, ambao msimu huu wa Agosti wanagombea wakulima kwa kila namna.

Milembe ana miaka 43. Watangazaji wa Redio Mhola wakipita sokoni, watu huwaita kwa majina na kuwapa machungwa. Yeye hupita na kapu lake na hakuna anayegeuka. Wengi wa wanaoisikiliza redio hiyo hawajui kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzitunza diski zisife, na zikifa, kuzifufua.

Mafundi huuita mpango huo wa diski "reidi". Milembe, ambaye kwa miaka kadhaa amewaeleza wageni wa redio jambo hilo hilo, ana njia yake.

"Chukua namba tatu," anasema. "Sema tatu, tano na nne. Jumla yake kumi na mbili. Sasa kila namba mpe mtu mmoja aishike, na hiyo jumla mpe mtu wa nne. Yule aliyeshika tano akifa, hujapoteza kitu. Unachukua kumi na mbili, unatoa tatu, unatoa nne, unapata tano yako. Diski zangu ndivyo zinavyofanya. Na hakuna chombo maalumu kinachozisimamia. Ni programu tu ndani ya kompyuta, na mimi."

Kisha anaongeza: "Lakini wakifa wawili kwa pamoja, hesabu hiyo haina jibu."

Milembe alizaliwa Mwamapalala, katika nyumba ya wakulima wa pamba na mahindi waliokuwa na zizi la kutosha. Alisoma hadi kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa, na akaajiriwa na chama cha ushirika enzi ambazo pamba yote ya eneo hilo ilipita katika maghala ya ushirika. Alikuwa na mashine yake ya chapa, meza yake, na kiti chenye mto alioushona mwenyewe.

Soko la pamba lilipofunguliwa katikati ya miaka ya tisini na wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao, ushirika ule ulipunguza watu. Wapiga chapa walikuwa wa kwanza kwenda. Milembe alirudi nyumbani na mto wake wa kiti.

Alishona magunia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha mtu binafsi. Siku moja karani wa kiwanda aliugua, na kwa kuwa Milembe ndiye pekee kati ya washonaji aliyejua kibodi, alikalishwa mbele ya kompyuta. Hakuinuka tena. Redio Mhola ilipoanzishwa mwaka 2003 na wafanyabiashara wa Bariadi, baada ya masafa kuruhusiwa kwa watu binafsi, aliomba kazi ya kupokea matangazo mlangoni. Alipewa, na mashine za chumba cha nyuma zikawa juu yake kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Aliyemfundisha ni Constantine, fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, aliyekuja kufunga mitambo na kukaa wiki nzima. Ni kijana kwake kwa umri. Yeye humwita dada Milembe, na Milembe humwita fundi.

"Alinifundisha kwa subira," anasema. "Alizima diski moja makusudi, akaniambia haya, ijenge upya. Nikaijenga. Akazima nyingine."

Mshahara wake ni shilingi 95,000 kwa mwezi. Anasomesha watoto watatu, na mkubwa wao ni Sayi, ambaye jina lake ndilo analoitwa mama yake pale kazini.

Kazi yenyewe ingekuwa ya kawaida tu kama si kipindi cha Jumapili kiitwacho Salamu za Kusini.

Kwa muda mrefu sasa familia za Kisukuma zimekuwa zikihama na mifugo kutafuta malisho. Wengine wako Usangu, wengine Rukwa, wengine wamevuka hata huko. Wanaobaki nyumbani hukaa miaka bila habari. Simu za mkononi zimefika mijini, lakini si kila zizi lina simu, na mwenye simu leo kesho kahama na namba imepotea.

Redio Mhola haisikiki kusini. Kwa hiyo walianzisha utaratibu wao. Makondakta wa mabasi na wafanyabiashara wa ng'ombe hupewa kaseti tupu. Kwenye minada ya kusini hutafuta deki ya kurekodi, na Msukuma yeyote anayetaka kusalimia nyumbani husogea na kusema. Kaseti hurudi Bariadi. Milembe huziingiza sauti kwenye kompyuta, kisha kaseti zile zile hufutwa na kurudishwa kusini, kwa kuwa redio haina nyingine.

"Maana yake kuanzia pale sauti ya mtu iko sehemu moja tu," anasema. "Mara nyingi niliomba tununue mashine ya pili, tuweke nakala. Meneja alisema si hizo diski ziko nne. Nikamwambia ziko nne, lakini mashine ni moja."

Siku moja ya Februari mwaka huu, mvua kubwa ilishuka mchana na radi ikapiga mlingoti wa redio. Mtangazaji aliyekuwa hewani alirushwa na kiti chake ukutani, akainuka mzima. Mtambo wa kurushia matangazo ulizimika, ukawaka tena. Chumba cha nyuma kilinuka kama waya ulioungua.

Milembe aliwasha kompyuta na kuuliza hali. Kioo kilimwonyesha kistari kimoja na U tatu.

"Sikuogopa sana," anasema. "Hilo ndilo tulilojiandaa nalo. Redio iliendelea kuongea, hakuna msikilizaji aliyejua. Tukaagiza diski mpya Mwanza."

Wakati diski inasubiriwa, kipindi cha katikati ya wiki kilisoma, kama kawaida, majina ya watu ambao salamu zao zimefika na zitasikika Jumapili. Kati yao lilisomwa jina la Lukresia Shigela wa Lingeka, wilayani Meatu, salamu kutoka kwa mwanawe Mayige.

Diski mpya ilikuja Ijumaa na basi. Jumamosi asubuhi Milembe aliifunga mahali pa iliyokufa na kuamuru programu ianze kuijenga. Kazi hiyo huzisumbua diski zilizobaki, kwa sababu kila kipande kilichomo ndani yake ni lazima kisomwe ili hesabu ifanyike. Asilimia zilipanda taratibu. Zilikuwa zimevuka nusu, diski ya pili ilipoacha kujibu.

Safu nzima ya diski ilisimama. Studioni, wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

"Hapo ndipo niliogopa," anasema Milembe. "Vistari viwili. Nilitoka nje, nikasimama tu pale penye bomba la maji."

Redio ilirudi hewani baada ya muda kwa kupiga CD za mtangazaji mwenyewe. Jumapili hapakuwa na Salamu za Kusini. Jumatatu meneja wa redio, Januarius Masalu, aliingia chumba cha nyuma akiwa na uamuzi wake.

Masalu ni mtu wa kusema polepole, na hafichi alichokisema siku hiyo.

"Nilimwambia, Mama Sayi, futa, tuanze upya. Nyimbo zipo madukani, tutaziingiza tena. Wenye matangazo walikuwa wananipigia. Redio bila matangazo inafungwa, na ikifungwa hata hizo salamu hazina pa kusikika."

"Nyimbo tutazipata," Milembe alimjibu. "Salamu hatutazipata."

"Watarekodi tena."

"Nani atawatafuta? Wengine wameshahama pale waliporekodia."

Meneja alimpa siku mbili. Milembe anasema hakuziona kuwa chache, kwa kuwa hakujua angezifanyia nini hata zingekuwa kumi.

Alimpigia Constantine.

"Umegusa kitu?" fundi aliuliza kabla ya salamu.

"Sijagusa."

"Vizuri, dada. Sasa sikiliza. Kuna ile amri ya kuunda safu mpya. Usiiandike. Ukikosea mpangilio wa diski hapo, umezika kila kitu."

Milembe anakiri kwamba amri hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani mwake. "Peke yangu ningeiandika," anasema. "Ningedhani naisaidia."

Constantine alimweleza kwamba diski ya pili huenda haikufa. Huenda ilichelewa kujibu kwa sababu ya waya uliolegea au madoa machache yasiyosomeka, na programu, kwa tahadhari yake, ikaifukuza. Dawa ilikuwa kuinakili yote, kipande kwa kipande, kwenye diski nyingine nzima, bila kuandika chochote juu ya ile mgonjwa. Kisha kuilazimisha safu iikubali nakala.

Kwa hiyo ilihitajika diski nyingine, isiyopungua ukubwa. Redio haikuwa nayo, na kasha la fedha lilikuwa limeishia kwenye ile ya Ijumaa.

Siku iliyofuata, Lukresia Shigela alifika.

Alikuwa amesafiri kutoka Lingeka, akakwama njiani kungoja maji ya mto yapungue, akalala kwa ndugu. Ni mwanamke wa makamo yanayoelekea uzeeni, mrefu, aliyezoea kazi ya shamba. Jumapili majirani walikuwa wamejaa uani kwake kuizunguka redio. Jina lake lilisomwa katikati ya wiki, kila mtu alilisikia. Kisha salamu hazikuja.

Milembe alimpokea barazani, akamkalisha kwenye benchi, akampa maji.

"Mwanangu," Lukresia alimwambia, "huko kwetu wanasema radi hii imetumwa. Kwamba kuna mtu hataki nisikie. Mimi ni Mkatoliki, hayo nayaacha. Lakini nimekuja kuuliza. Sauti ipo au haipo?"

Milembe anasema angeweza kumwambia aende nyumbani, arudi baada ya wiki. Wengi wamefika redioni wakaondoka na jibu hilo.

"Mayu, ipo," alimwambia. "Lakini mashine iliyoishika imelala. Sijui kama itaamka."

"Wewe ulimsikia?"

"Mwanzo tu. Nikiingiza kaseti nasikiliza mwanzo wa kila salamu, kuona kama sauti imeingia."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mayu, nene Mayige.' Mama, ni mimi Mayige."

Lukresia aliweka kikombe cha maji chini. Kisha akauliza: "Sauti yake ikoje?"

"Nzito. Ya mtu mzima."

"Aliondoka haijavunjika," alisema mama huyo. "Aliondoka na ng'ombe za baba yake mdogo, akiwa na sauti ya mtoto bado. Ungenionyesha watu kumi wananena, nisingemjua."

Mlango wa ofisi ya meneja ulikuwa wazi muda wote huo. Masalu ana kaka yake aliyekwenda kusini na mifugo, na hajasikia habari zake tangu afike Usangu. Hilo Milembe hakulijua hadi siku hiyo. Alichokiona ni meneja kutoka ofisini akiwa na bisibisi mkononi, akaomba aonyeshwe skrubu ipi ifunguliwe kwenye kompyuta yake mpya ya uhasibu.

"Diski yake ni kubwa kuliko zenu," alisema. "Ichukueni. Hesabu nitaandika kwa mkono."

Kwanza Milembe alibadilisha waya. Kila diski alikuwa ameiandika namba kwa wino siku ilipofungwa, kwa hiyo mpangilio haukumpa shida. Akafunga diski ya meneja kando ya ile mgonjwa na kuanza kunakili, sauti ya Constantine ikitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya meza.

Kazi ilichukua mchana kutwa. Jenereta lilinguruma nje kwa kuwa hakutaka kubahatisha umeme. Lukresia alikataa kurudi kwa ndugu zake. Alikaa barazani akichambua mchicha wa mpokea matangazo, Apolonia, na kila Milembe alipotoka kunywa maji alimwangalia usoni bila kuuliza.

Diski ilisomeka. Palikuwa na sehemu chache ambazo programu ilijaribu, ikaziruka, ikarudi kujaribu tena, na mwishowe ikaziacha. Constantine alisema hizo zimekwenda.

"Ni nyingi?" Milembe aliuliza.

"Si nyingi. Lakini hatujui zimeangukia kwa nani."

Baada ya hapo ilibaki amri yenyewe. Kila diski hubeba alama ya mara ya mwisho ilipoandikwa, na ile iliyofukuzwa ilikuwa nyuma ya wenzake kidogo tu. Programu ingeikataa kwa sababu hiyo, hivyo ilibidi ilazimishwe. Milembe aliisoma amri kwa sauti, herufi kwa herufi, na Constantine akiwa Mwanza akairudia. Kisha akabonyeza.

U tatu na kistari kimoja.

"Hatukupiga makofi," anasema. "Fundi alisema, usifurahi bado, fungua kwa kusoma tu, usiandike. Nikafungua. Nikaona majina ya mafaili."

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuijenga ile diski iliyosubiri. Alichoma salamu zote kwenye CD, moja baada ya nyingine, hadi zikaisha. Ndipo alipomwita Lukresia.

Alimkalisha kwenye kiti cha mtangazaji na kumvika vipokea sauti. Mama huyo aliviondoa, akaomba sauti itoke nje, kwa sababu hakutaka kusikia peke yake. Meneja, Apolonia na mtangazaji wa zamu wakasimama mlangoni.

Mayige alisema kwa Kisukuma kwamba yeye ni mzima. Kwamba ng'ombe wa baba yake mdogo waliisha kwa ndigana, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Kwamba sasa analima mpunga, ana mke na watoto wawili, na wa kike amempa jina la Lukresia. Kisha akasema, "Tunakaa…"

Hapo sauti ilikwaruza na kupotea. Iliporudi alikuwa anamalizia: "…ukifika uliza nyumba ya Msukuma wa mapunda. Watakuonyesha. Wabeja, mayu." Asante, mama.

Lukresia aliomba irudiwe pale. Ikarudiwa. Akaomba tena. Kila mara sauti ilifika kwenye neno lile na kuzama.

Milembe alimpigia Constantine kuuliza kama kuna njia. Hapakuwa na njia. Kipande kilichobeba jina la mahali kilikuwa kimoja kati ya vile ambavyo diski ilikataa kuvisoma.

"Nimefanya kazi hii miaka minne," anasema. "Redio yote ilirudi. Nyimbo zimerudi, matangazo yamerudi, salamu za watu wengine zimerudi nzima. Lakini mbele yangu amekaa mama ambaye neno moja tu ndilo lililompotea. Nikamwambia, mayu, nisamehe, nimefika mwisho wa ninachokijua."

Lukresia alifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Basi mwambieni arudie," alisema.

Wote waliokuwapo wanaikumbuka sentensi hiyo, kwa vile ilisemwa kama anayetuma mtu chumvi dukani. Milembe alisogeza kipaza sauti. Mama huyo alirekodi palepale:

"Mayige, nimekusikia. Sikudai ng'ombe. Jina la mahali limepotea humu kwenye mashine, radi imelila. Lirudie. Wewe unayesikia kaseti hii, ukimjua Msukuma wa mapunda, mwambie mama yake anamwita."

Ujumbe huo uliwekwa mwanzoni mwa kila kaseti iliyoelekea kusini kuanzia wiki hiyo. Makondakta waliupiga kwenye vibanda vya chai, wafanyabiashara wa ng'ombe wakaupiga minadani. Milembe aliijenga diski mpya, ikamaliza bila kuanguka, na U zikarudi kuwa nne. Meneja aliendelea kuandika hesabu zake kwa mkono hadi Pasaka.

Aprili ilipokuwa inaelekea kwisha, simu ya mezani ya Redio Mhola ililia na Apolonia akaipokea. Mwanamume mmoja alisema anapiga kutoka kibanda cha simu bonde la Rukwa. Aliuliza kama hapo ndipo mama yake alipo.

Aliambiwa apige tena Jumapili. Basi la kwenda Mwanhuzi, huko Meatu, likapewa ujumbe, na Jumapili Lukresia alikuwa studio kabla ya watangazaji wenyewe. Simu ilipolia, Milembe aliielekeza hewani kwa ruhusa ya mama huyo, na Lingeka nzima ikasikia.

"Mayige?"

"Nene, mayu."

"Umekula?"

Wanaosimulia wanasema mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kabisa. Mvua, mpunga, nani amekufa, nani ameolewa. Pesa za simu za Mayige zilipoisha, mtangazaji akaweka wimbo.

Gazeti hili lilipofika Lingeka mwezi huu, Mayige alikuwa juu ya paa la mama yake, anaezeka. Alikuja baada ya kuvuna mpunga, na binti yake mdogo, ambaye anazungumza Kiswahili cha kusini na anacheka Kisukuma cha bibi yake. Atarudi Rukwa kabla ya mvua. Baba yake mdogo alishafariki, na hakuna aliyemdai ng'ombe.

"Miaka yote hiyo nilikuwa namkimbia mtu ambaye hakuwa ananifukuza," alisema kutoka juu, na kuendelea kufunga nyasi.

Lukresia, alipoulizwa kama anasikitika kwamba mwanawe ataondoka tena, alisema mpunga una wakati wake, na safari hii anajua aendako.

Kwa Milembe, radi ile ilibadilisha jambo moja kubwa. Meneja Masalu sasa anasema neno "nakala" kabla hajaulizwa. Mkula, upande wa ziwani, parokia moja imekubali kutoa chumba kidogo chenye dirisha la nondo, na redio inatafuta kompyuta ya mtumba ya kuweka humo. Mpango ni kwamba kila wiki salamu mpya zichomwe kwenye CD, zisafiri na basi la Lamadi, ziingizwe kule, ili sauti ya mtu isikae tena chini ya mlingoti mmoja. Na kaseti zisifutwe hadi kule Mkula wathibitishe kwa simu kwamba zimesikika.

Ameanza pia kumfundisha Apolonia. Wiki iliyopita alichomoa diski moja, akaiweka mezani mbele yake na kumwambia aijenge upya. Apolonia akaijenga. Milembe akachomoa nyingine.

Akiulizwa anachotarajia baada ya yote hayo, hataji mshahara wala cheo. Mkono wake uko juu ya kompyuta.

"Mashine hii itakufa," anasema. "Kama si radi ni uzee. Nataka siku ikifa, nizime taa, nifunge mlango niende nyumbani, na asiwepo mtu hata mmoja wa kulia."